Somo la Kazi za Mikono: Kusokota Uzi kwa Kijiti, na Hesabu ya Saa Zake

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea, tafuta uzi uliochomoka kwenye upindo wa nguo yako. Ushike ncha zake mbili na uuzungushe pole pole kinyume cha jinsi ulivyosokotwa. Mara utauona unalegea, unafumuka, kisha unaachana bila hata kuvutwa. Kinachobaki vidoleni ni nyuzinyuzi fupi za pamba, na urefu wa kila moja haupiti sana kiungo cha juu cha kidole gumba. Basi uzi wote ndio huo. Hakuna gundi ndani yake, wala hakuna kitu kirefu. Kuna vitu vifupi vingi vilivyonyoshwa upande mmoja na kubanwa pamoja kwa msokoto, na kadiri unavyoweka msokoto ndivyo vinavyozidi kushikana.

Somo letu ni jinsi ya kuutia msokoto huo kwa kijiti na kigae, bila mashine na bila umeme. Limeandikwa kwanza kwa ajili ya ndugu zetu wa Kuluva, Arua na Koboko, ambako vikundi vya kazi za mikono vinatafuta kazi ya kuwapatia wanachama chochote wakati shamba limelala. Lakini tunataka pia kulijibu swali ambalo mafundisho mengi ya namna hii hulikwepa. Uzi huo unakula saa ngapi za mtu, na nani anazilipa saa hizo?

PAMBA ILIKUJA, USOKOTAJI HAUKUJA

Wako watakaouliza kwa nini sisi tuliolima pamba kwa miaka mingi hatukurithi kazi ya kuisokota. Jibu liko katika historia ya pamba yenyewe. Mwaka 1903 Kampuni ya Uganda iliingiza nchini tani mbili na nusu za mbegu za pamba, zikagawiwa kwa wakulima kupitia machifu. Mwaka uliofuata marobota 54 yalisafirishwa nje. Shabaha ilikuwa viwanda vya Uingereza tangu siku ya kwanza. Waganda wakati huo walivaa nguo za magome ya mti wa mutuba, ambayo hupondwa kwa nyundo wala hayasokotwi, na katika sehemu nyingine watu walivaa ngozi au majani. Hakuna aliyemletea mkulima kijiti cha kusokotea pamoja na mbegu.

Zaidi ya hayo, hata kazi ya kutenganisha pamba na mbegu iliondolewa mikononi mwake. Mwanzoni zilikuwepo mashine ndogo za kuchambulia zilizozungushwa kwa mkono. Mwaka 1908, wakati wa Gavana Hesketh Bell, serikali ilizipiga marufuku kwa sababu ya ubora: pamba iliyochambuliwa vibaya ilikuwa ikiharibu jina la Uganda sokoni. Sababu hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake. Lakini matokeo yake ni kwamba tangu hapo mkulima aliuza pamba ikiwa na mbegu, kwa bei aliyopangiwa, na mwenye jineri ndiye aliyepata kilichozidi. Mwaka 1949 wakulima wa Buganda, waliojiunga katika Chama cha Wakulima Waafrika wa Uganda cha Ignatius Musazi, walidai haki ya kuchambua pamba yao na kuiuza wenyewe. Kukatokea ghasia kubwa. Ni baada ya mwaka 1952 ndipo vyama vya ushirika vilipoanza kusaidiwa kupata jineri.

Kwetu West Nile pamba ilishika zaidi nchi ya chini, kuelekea Naili, upande wa Rhino Camp na Pakwach. Huku juu, Arua na Koboko, zao la fedha lililotia mizizi ni tumbaku. Na zao jingine la West Nile, tuseme bila kuficha, lilikuwa vijana wake: maelfu walikwenda kukata miwa Kakira na Lugazi. Usokotaji wa uzi ulipoanza Uganda ulianzia kiwandani, Jinja, katika kiwanda cha Nytil cha miaka ya 1950, karibu na bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954. Msimu wa 1969/70 nchi ilitoa marobota zaidi ya 400,000. Kufikia mwaka 1980 hayakufika hata sehemu ya kumi ya hayo. Nguo zilikuwa adimu, na watu wa West Nile waliovuka mpaka miaka hiyo kwenda Zaire na Sudan wanakumbuka thamani ya shuka moja.

WALIOSOKOTA KABLA YETU

Asifikiri mtu kwamba kazi hii ni ya Ulaya au ya Wahindi peke yao. Katika magofu ya Kilwa wachimbaji wa mambo ya kale wamepata vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati. Vigae hivyo ni uzito wa kijiti cha kusokotea, kitu kile kile tutakachokitengeneza hapa chini. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta nguo zilizofumwa huko zikipelekwa mpaka Misri. Bara nako, Richard Burton aliona wafumi wa pamba Unyamwezi mwaka 1857, na Wafipa wa kusini-magharibi ya Tanzania waliendelea kufuma nguo yao nzito iitwayo seketa hadi ndani ya karne ya ishirini. Katika bonde la Shire, Malawi ya leo, Livingstone alikuta wanaume wakikaa kivulini wakisokota uzi. Nataja hilo kwa makusudi, maana vijana wetu wengine husema hii ni kazi ya akina mama, na wasokotaji wa Shire wangewacheka.

Ethiopia kazi hii haijafa mpaka leo. Wanawake husokota kwa kijiti chembamba, na mfumi hufuma shuka nyeupe kwa uzi wao. Tutarudi kwao baadaye, kwa sababu wamegundua njia nzuri ya kupunguza saa.

VIFAA

Kifaa chenyewe tutakiita pia, maana kinazunguka kama pia ya watoto. Kina sehemu mbili, kijiti na uzito. Kijiti kiwe kimenyooka, laini, chenye urefu wa sentimita 20 hadi 25 na unene usiozidi penseli. Kikiwa chembamba zaidi ni bora, kwa sababu kinazunguka upesi. Uzito ni kitu cha mviringo chenye tundu katikati kabisa: kigae cha chungu kilichosuguliwa kwenye jiwe, kipande cha kibuyu kigumu, au udongo wa mfinyanzi uliochomwa. Kijiti kinapita katika tundu hilo na kukazwa ili kisitikisike.

Kwa pamba, pia iwe nyepesi. Uzito wote, kijiti na kigae, uwe kati ya gramu 15 na 30. Hapa ndipo wengi wanapopotezwa na vitabu vya Ulaya, ambavyo vimeandikwa kwa ajili ya sufu ya kondoo. Nyuzinyuzi za sufu huweza kufika sentimita 7 au 10 na hushikana zenyewe, kwa hiyo zinavumilia pia nzito. Pamba yetu ina urefu wa kama sentimita 3 tu, na ukiitundikia pia ya gramu 60 uzi utakatika kabla hujaanza. Kondoo wetu wa huku nao wasikudanganye: manyoya yao ni mafupi kama ya mbuzi, si sufu ya kusokota. Wala usiichanganye pamba na sufi ya msufi. Sufi inang'aa na inapendeza, lakini inateleza na ni dhaifu; kazi yake ni kujazia mito.

Kuna njia nyingine ambayo fundi baiskeli yeyote wa Arua anaweza kukusaidia. Chukua spoki kuukuu, ikate ibaki sentimita 20, inyooshe, kisha kunja ncha moja iwe kindoana kidogo. Upande wa chini, sentimita 3 kutoka mwisho, kaza kiduara cha kibuyu au cha mbao ngumu chenye upana wa sentimita 3 au 4. Inono ncha ya chini kwa jiwe. Wahindi wana pia ya chuma ya namna hii wanayoiita takli, na kwa pamba sijaona inayoizidi. Ikiwa unatumia kijiti cha mti, chonga mfuo mdogo kwenye ncha ya juu ili uzi ushike.

Jaribu pia yako kabla ya kuikubali. Isimamishe juu ya sahani na uizungushe kwa vidole. Ikiyumba, kigae hakiko sawa. Sugua upande mzito mpaka itulie. Pia inayoyumba hutoa uzi wenye msokoto usiolingana, na kosa hilo huwezi kulirekebisha kwa ustadi wa vidole.

KUTAYARISHA PAMBA

Nusu ya usokotaji mzuri hufanyika kabla pia haijaguswa. Chagua pamba nyeupe, iliyofunuka vizuri, isiyo na majani. Uganda imebahatika: aina zake zijulikanazo kama BPA na SATU zina nyuzinyuzi ndefu kuliko pamba nyingi za dunia, na urefu huo ni faida kubwa kwa anayesokota kwa mkono. Ianike juani kwa muda, kwani pamba kavu yenye joto huachia mbegu kwa urahisi.

Kuondoa mbegu kwa kucha kunachosha na kunakata nyuzinyuzi. Tumia jiwe bapa na chuma cha mviringo chenye unene wa kidole. Weka pamba kidogo juu ya jiwe, ikandamize kwa chuma na ukisukume kama unayesukuma chapati. Mbegu zitaruka mbele na pamba itabaki nyuma ya chuma. Usikandamize mno hata mbegu zipasuke, maana mafuta yake yatachafua pamba. Katika kila kilo 3 za pamba yenye mbegu utapata kama kilo 1 ya pamba safi.

Kisha ifumue. Chombo cha zamani ni uta mdogo wenye kamba iliyokazwa sana. Unaiweka kamba ndani ya rundo la pamba na kuipigapiga kwa kijiti. Mtikisiko wake huchanua pamba ikawa nyepesi kama povu, na takataka huanguka chini. Ukiwa huna uta, vuta pamba kwa vidole kidogo kidogo mpaka isiwe na madonge. Kazi hii ifanywe mahali penye hewa na pua ifungwe kitambaa. Vumbi la pamba si mchezo: wafanyakazi wa viwanda vya nyuzi duniani kote wanaujua ugonjwa wa kifua unaoletwa nalo, na wengi waliuona wiki ilipoanza, wakirudi kazini baada ya mapumziko na kifua kikiwabana. Rundo dogo la nyumbani halilingani na kiwanda, lakini kitambaa cha pua hakina gharama.

Mwisho, tandaza pamba iliyofumuliwa kama mkeka mwembamba, uviringishe juu ya kijiti laini, kisha chomoa kijiti. Utabaki na kiviringo kama soseji, urefu wa kiganja. Tengeneza vingi mara moja na uvifunike visilowe wala visibanwe.

KUSOKOTA

Anza na pia iliyoegemea, si inayoning'inia. Tunalisisitiza hili kwa sababu wanafunzi wengi huiacha kazi siku ya kwanza baada ya pia kuanguka mara ishirini. Pamba isiyopata msokoto bado haina nguvu ya kubeba hata gramu 20. Basi weka ncha ya chini ya pia ndani ya bakuli au kata ya kibuyu, na bakuli liwe mapajani au chini kando yako.

Funga kwenye kijiti uzi wa kuanzia, kama nusu mita, juu ya kigae. Upitishe mpaka juu na uushikize kwenye kindoana au mfuo. Ncha nyingine ya uzi huo iguse kiviringo cha pamba ulichoshika kwa mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia izungushe pia, daima kuelekea upande mmoja. Wengi huizungusha kama mshale wa saa. Msokoto utapanda kwenye uzi wa kuanzia, utaifikia pamba na kuzikamata nyuzinyuzi chache. Hapo vuta mkono wa kushoto nyuma pole pole. Pamba itatoka nyembamba, na msokoto utaifuata.

Siri yote iko katika mwendo wa mkono huo. Ukivuta kabla msokoto haujafika, pamba inaachana. Ukichelewa, msokoto unaingia ndani ya kiviringo chenyewe na kukifunga, ukashindwa kuvuta tena. Kiviringo kishikwe kilegevu, kama kifaranga. Ukiona sehemu nene, usiikate: shika uzi pande zake mbili, uurudishe kidogo kinyume ili ulegee, vuta, kisha uache msokoto urudi. Msokoto hupenda kukimbilia penye wembamba na huacha penye unene, ndiyo maana donge likishapita bila kurekebishwa linabaki laini na huko ndiko uzi utakakokatikia.

Urefu wa mkono ukishajaa, ongeza msokoto kidogo zaidi, kisha fungua uzi kwenye kindoana na uuzungushie kwenye kijiti karibu na kigae. Acha kipande cha kutosha kupanda tena juu, na uendelee. Uzi ukikatika, achanisha ncha yake ikawa kama manyoya, ilaze juu ya pamba mpya kwa urefu wa vidole viwili, na uzungushe. Usifunge fundo, fundo litamkera mfumi.

Utajuaje kama msokoto unatosha? Legeza kipande cha uzi mpya katikati ya mikono yako miwili. Kikijikunja chenyewe na kujisokota mara mbili kwa nguvu, kinatosha. Kikining'inia tu, ongeza. Pamba inahitaji msokoto mwingi kuliko sufu kwa sababu ya ufupi wake, na makosa ya wanaoanza ni karibu daima upande wa kuweka kidogo.

Baada ya siku kadhaa vidole vitakuwa vimeelewa, na ndipo unapoweza kuiacha pia ining'inie: izungushe, iachie hewani, na kwa vidole vya mikono miwili uachie pamba kidogo kidogo huku pia ikishuka. Njia hii inakuwezesha kusokota umesimama au unatembea. Hata hivyo kwa uzi mwembamba wa pamba wazoefu wengi hurudi kwenye bakuli, na hilo si dalili ya uanafunzi.

Uzi ukiisha kujaa kwenye pia, uzungushie kwenye vigingi. Pigilia vigingi viwili kwenye ubao, umbali wa sentimita 50 kutoka kimoja hadi kingine. Mzunguko mmoja ni mita moja, na mizunguko 100 ni mita 100. Funga fungu hilo mahali pawili, lichemshe kwa maji na sabuni kwa muda wa saa moja, lisuuze, ulitundike likauke na jiwe dogo chini yake. Hapo msokoto hutulia. Ikiwa uzi utakuwa mtande, yaani nyuzi za urefu zinazokazwa kwenye mtambo wa kufuma, upake uji mwepesi wa muhogo na uuache ukauke ukiwa umenyoshwa. Bila hivyo utachakaa na kukatika. Mshindio, yaani uzi unaopita upana, hauhitaji uji.

HESABU YA SAA

Sasa tuje kwenye lile swali. Tuchukue shuka moja ya kujifunika mabegani, upana mita 1 na urefu mita 2, na tuseme kila sentimita ina nyuzi 8 za mtande na 8 za mshindio. Upana wa sentimita 100 unahitaji nyuzi 800 za mtande, kila moja mita 2: hizo ni mita 1,600. Urefu wa sentimita 200 unahitaji mishindio 1,600, kila mmoja mita 1: mita 1,600 nyingine. Ongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya vipande na kujikunja, nawe unafika mita 3,520. Tuite 3,600.

Msokotaji aliyezoea tumpe mita 60 kwa saa. Mwepesi atapita hapo, anayejifunza hatafika. Shuka yetu basi imekula saa 60 za kusokota. Tuongeze saa 10 za kuondoa mbegu, kupiga uta na kutengeneza viviringo. Jumla saa 70, karibu siku 9 za kazi ya saa 8. Mfumi naye, mtambo wake ukiwa umekwisha kutandikwa, ataimaliza shuka hiyo kwa siku moja au mbili. Uzi ukiwa wa unene ambao mita 8 zina gramu 1, pamba iliyotumika ni gramu 450, yaani karibu kilo moja na nusu ya pamba yenye mbegu. Pamba ni kidogo. Gharama karibu yote ni saa za mtu.

Kwa sababu hiyo hiyo mashine zilianzia kwenye usokotaji. Uingereza ya karne ya kumi na nane, wasokotaji wanne au zaidi walihitajika kumlisha mfumi mmoja. Wataalamu wa historia ya viwanda wamekadiria kwamba msokotaji wa India wa wakati huo alitumia zaidi ya saa 50,000 kusokota ratili 100 za uzi mwembamba, kama kilo 45. Mashine ya Crompton ya mwaka 1780 ilizishusha zikawa 2,000. Kufikia 1795 zilikuwa 300, na mwaka 1825 zilikuwa 135. Mwaka 1833 Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said, na nguo za viwanda vyake zikamiminika Unguja na bara hadi jina la nchi likawa jina la nguo: merikani. Mfumi wa Unyamwezi hakushindwa kwa ustadi. Alishindwa kwa saa.

Kwa hiyo akikujia mtu na kukuambia kwamba kikundi chenu kitashindana na kitenge cha dukani kwa kusokota kwa mkono, msimsikilize. Lakini kusema kazi haina faida yoyote nako si kweli. Wapo wanunuzi, wa mjini na wa nje, wanaotaka nguo iliyosokotwa kwa mkono na wanajua ni ghali. Yapo pia matumizi ya nyumbani ambapo saa za jioni hazina mnunuzi mwingine: tambi za taa, kamba nyembamba, blanketi la mtoto. Na ipo njia ya Ethiopia niliyoitaja: mtande ununuliwe wa kiwandani, mshindio uwe wa mkono. Nguo inabaki na sura na ulaini wa mkono, mtande haukatikikatiki, na hesabu yetu inashuka kutoka saa 70 hadi kama 35. Kikundi kinachoanza, mimi ningekishauri kianzie hapo.

Bei nayo. Chukua ujira wa siku moja wa kibarua wa mahali penu, uzidishe kwa siku 9, kisha ongeza pamba, kazi ya mfumi na usafiri. Shuka ikiuzwa chini ya hapo, msokotaji ndiye aliyelipa tofauti. Usingojee sheria ikupangie: kima cha chini cha mshahara cha Uganda, shilingi 6,000 kwa mwezi, kiliwekwa mwaka 1984, na muswada uliopitishwa na Bunge mwaka 2019 kwa ajili ya kukibadilisha haukutiwa saini na Rais. India walikumbana na jambo hili mapema. Mwaka 1935 Gandhi mwenyewe, aliyekuwa amewahimiza watu wake kusokota, aliona wasokotaji wa nguo za khadi wanapata ujira wa aibu, akasimamia kwamba walipwe kwa kuhesabu saa 8 za kazi na mahitaji ya kuishi. Wapo waliopinga wakisema bei ya nguo itapanda. Ilikuwa lazima ipande. Kabla ya hapo unafuu wa mnunuzi ulitoka tumboni mwa msokotaji.

Jihadharini hasa na malipo kwa kilo. Yanaonekana ya haki, kwa kuwa mizani haina upendeleo. Lakini fikirini wasokotaji wawili, wote wanatoa mita 60 kwa saa. Wa kwanza anasokota uzi mnene, mita 5 kwa gramu, na kwa saa moja anapata gramu 12. Wa pili, fundi zaidi, anasokota mwembamba, mita 10 kwa gramu, na saa ile ile inampa gramu 6. Mkilipwa kwa kilo, fundi anapata nusu ya mwenzake kwa sababu ya ufundi wake. Baada ya mwezi mmoja kila mtu atakuwa anasokota kamba. Lipeni kwa fungu la mita 100, na fungu la uzi mwembamba lipewe bei ya juu zaidi, maana linahitaji uangalifu na hukatika zaidi.

Kila msokotaji awe na daftari lake. Aandike tarehe, saa alizofanya kazi, idadi ya mafungu na uzito wa kila moja. Fungu la mita 100 la uzi tuliouhesabu hapa liwe na gramu 12 na nusu. Katibu wa kikundi awe na daftari la pili, na yote mawili yalinganishwe mbele ya wanachama kabla uzi haujamfikia mnunuzi. Vifungio vya fungu viwe vya uzi wa rangi, ili mfumi avione upesi asije akavikata pamoja na kazi yenyewe.